Tanga Lililojisokota

Kila siku baada ya masomo, Njiti alipitia karakana ya shangazi yake. Jina la Njiti alipewa kwa ajili ya miguu yake myembamba, na hakuna aliyekumbuka tena kumwita lingine. Shangazi alikuwa fundi wa kushona matanga. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani moja nzito, na sakafu yake ilifagiliwa mno, kwa sababu matanga hutandazwa chini na mchanga hukwaruza kitambaa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Vua viatu."

Zamani baada ya hapo wangepiga soga mpaka jioni. Siku hizi hata soga zilikuwa zimekauka. Kila mmoja alikuwa amekata tamaa kivyake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Sababu ilikuwa mashua. Babu alikuwa ameacha mashua ndogo ya tanga, nayo ilifungwa kwenye gati ya klabu, pale ziwani. Klabu ilikuwa na sheria isiyo na huruma: mashua ikishindwa mara mbili kumaliza mashindano ndani ya muda, hupoteza nafasi yake gatini. Zamani walikuwa mabaharia watatu. Binamu, mtoto mkubwa wa Shangazi, alipopata kazi mbali, walibaki wawili, na mara hiyo hiyo wakashindwa kumaliza. Wakishindwa tena, mashua ya babu ingeondolewa, na pa kuipeleka hawakuwa napo.

Kilichowashinda ni tanga kubwa la mbele, jepesi mno, linalopandishwa upepo unapotoka nyuma. Likijaa huvimba, ndiyo maana wao waliliita Puto. Bila Puto, mashua yao nzito ilitambaa tu. Na Puto lilitaka watu watatu: mmoja ashike usukani, mmoja alivute mpaka juu ya mlingoti, na mmoja aliongoze kwa kamba za pembeni.

"Wawili mtaweza wapi?" alicheka Domo, mvulana wa darasa la Njiti ambaye mashua ya baba yake ilifungwa jirani na yao gatini. "Labda mmoja wenu aote mikono mingine."

Shangazi hakucheka. Aliichukua henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, akaipitisha kwenye roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, aliyoifunga chini ya mlingoti, akairudisha nyuma mpaka kwenye usukani, ili mwenye kuongoza aivute bila kunyanyuka. Kamba ya kona ya mbele aliifunga kwenye pua ya mashua. Mwisho alishona mfuko wenye mdomo mpana, akaufunga mguuni pa mlingoti. Puto lingelala humo, kona zake tatu zikichungulia nje, tayari kuvutwa.

"Kazi yako ni kulipanga mfukoni," alimwambia Njiti. "Anza kona ya juu, fuata ukingo wa kushoto kwa vidole mpaka chini. Rudi juu, fuata wa kulia vivyo hivyo. Ukingo ukijizungusha humu ndani, tanga litajisokota hewani."

Asubuhi ya mashindano, Njiti aliketi sakafuni na Puto mapajani. Aliufuata ukingo wa kushoto mpaka katikati, akaacha. Haikuwa uchovu. Aliona hakuna maana. Klabu nzima ilishasema hawawezi, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Sasa ajichoshe ili iweje? Akalisokomeza tanga mfukoni kama nguo chafu, akazitoa kona tatu nje, na kwa macho likaonekana limepangwa vizuri.

"Umefuata kingo zote mbili?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Zote."

Shangazi alimwamini, kwa kuwa mtoto huyo hakuwahi kumdanganya.

Mwanzo wa mashindano haukuwa mbaya. Walikwenda dhidi ya upepo mpaka kwenye boya la kugeuzia, nyuma ya wenzao lakini si kwa mbali. Walipolizunguka boya, upepo ukawa mgongoni. Mbele yao matanga ya wengine yalikuwa yanafunguka, moja baada ya jingine.

"Sasa!" alisema Shangazi, akaivuta henza.

Puto lilichomoka mfukoni na kupanda upesi. Kwa kitambo kidogo Njiti alifurahi. Halafu tanga likajizungusha, likakaza. Juu palivimba kidogo, chini palivimba kidogo, na katikati palibanwa kama mto uliofungwa kamba. Njiti alivuta kamba ya pembeni kwa nguvu zake zote. Wapi! Mashua ilipungua mwendo, na wenzao wakazidi kuwa wadogo.

Shangazi alilishusha tanga, akalitazama lilivyorundikana sakafuni mwa mashua.

"Ni hii roda," alisema taratibu. "Nimeifunga karibu mno na mlingoti, inaisokota kamba. Nilijidai fundi, kumbe nilikuwa najidanganya." Akatoa kisu, akainama kuikata roda. "Basi, mwanangu. Nitafungua vyote. Kesho nitawaambia watu wa klabu waichukue nafasi yao."

Njiti hakuwahi kuisikia sauti ile kwa shangazi yake. Ilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe. Angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angejua kamwe.

"Shangazi, usikate. Roda haina kosa."

"Umejuaje?"

"Sikufuata kingo. Nilifuata nusu ya mmoja, nikasokomeza. Nilikudanganya." Machozi yalimtoka. "Niliona tutashindwa tu."

Shangazi akakirudisha kisu mfukoni mwake.

"Keti. Anza kona ya juu."

"Lakini wameshafika mbali!"

"Nimeona. Anza kona ya juu."

Njiti aliufuata ukingo wa kushoto huku analia, kitambaa kimelowa na upepo ukimnyang'anya. Akapata mahali ulipojizungusha, akaunyoosha. Akarudi juu, akafuata wa kulia mpaka mwisho. Kule mwisho wa safari, mwamuzi alikuwa amesimama kwenye boti yake, mkono ukiwa tayari kwenye kamba ya bendera. Ikishushwa, muda umekwisha. Njiti hakuwa na tumaini lolote, ila safari hii hakuruka hata shibiri.

Shangazi alivuta henza tena. Puto likapanda, likatikisika, likafunguka lote kwa kishindo. Mashua ikasukumwa mbele mpaka Njiti akakaa kitako bila kutaka.

Walivuka mstari wa mwisho, nyuma ya mashua zote, bendera ikiwa bado juu.

"Mmo ndani ya muda!" mwamuzi aliita, akaanza kuishusha.

"Karibuni!" Domo alipiga kelele kutoka gatini. "Sisi tulidhani mmehamia kwenye boya!"

Njiti alijaribu kutabasamu, akashindwa. Shangazi alimgeukia.

"Kushindwa watu hushindwa kila siku, na maisha yanaendelea," alisema. "Lakini uongo wako ulikuwa unanituma nikate kitu kizima. Ningebomoa kazi yangu nzuri, halafu ningeamini mpaka kufa kwamba mikono yangu haifai. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Siku nyingine ukikata tamaa, njoo uniambie. Nitashuka sakafuni tulipange pamoja." Akamfuta machozi kwa kiganja kikavu chenye alama za sindano. "Na mimi nilikuwa nimekata tamaa vilevile, mjinga wewe. Ulidhani uko peke yako?"