Kipande cha Kupimia

Kila alipotoka shule, Kifungo alitupa begi kitandani, akabadili sare na kwenda uani kwenye rundo la mbao. Jina hilo alipewa na mjomba wake, mtu wa utani mwingi, kwa sababu ya udogo wake, nalo likamganda.

Mbao hizo zilikuwa za sakafu ya ukumbi mpya wa mtaa, ambapo watu wangefanya mikutano na vijana wangesoma jioni. Miti ilitoka katika shamba la mtaa wenyewe. Ilikatwa ile michache iliyokomaa, na karibu na kila kisiki ikapandwa miche. Iliyobaki ilikuwa bado myembamba. Mjomba ndiye aliyepasua mbao, na mama yake Kifungo ndiye aliyekuwa seremala. "Tuzitunze hizi," mama alizoea kusema. "Nyingine hakuna."

Mbao mbichi hazipigiliwi sakafuni. Mama alizipanga chini ya bati, akatia vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite. Ndani kabisa ya rundo alichomeka kipande kifupi cha ubao. Kazi ya Kifungo ilikuwa kukichomoa, kukipima kwenye mizani ya duka la jirani, kisha kukirudisha palepale. Kadiri kilivyokauka, ndivyo uzito ulivyopungua.

"Kikiacha kupungua, mbao ziko tayari," mama alimwambia.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa, ila kukichomoa kulimkwaruza mikono, na rafiki zake walikuwa wakimngoja uwanjani. Siku moja akaona njia ya mkato. Badala ya kukirudisha kipande kwenye rundo, akawa anakiweka jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Kipande kilikuwa kilekile na mizani ileile, kwa hiyo hakuona kosa lolote.

Haikuchukua muda, kipande kikaacha kupungua.

"Una hakika?" mama aliuliza. "Mbona mapema hivi?"

"Nimepima mara mbili, mama."

Mama alimwamini. Mbao zikapigwa randa, zikapigiliwa, ukumbi ukafunguliwa kwa shangwe.

Kabla ya mwezi kwisha, mbao za sakafu zilianza kuachana. Kifungo alipouona ufa wa kwanza, alikumbuka ile rafu ya jikoni, akajua kosa lilikuwa lake. Jioni aliingia ukumbini peke yake akajaza nyufa unga wa mbao kwa kidole. Kesho yake unga ulikuwa umezama na nyufa zimepanuka. Palikuwa na ubao uliojikunja ukingoni. Aliukanyaga, ukashuka. Alipoondoa mguu, ukapanda tena. Akakaa chini akalia, maana hakujua la kufanya.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti wa mtaa, mwanamke asiyezungusha maneno, alimgeukia mjomba mbele ya wote.

"Umetuletea mbao mbovu," alisema. "Kazi ya kupasua mbao za madirisha tutampa mwingine."

"Miti niliichagua mwenyewe, ilikuwa mizima," mjomba alijibu.

"Tulipima mpaka mwisho," mama yake Kifungo alisema.

Kifungo alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa, lakini aliona aibu mno, akakifunga.

Siku zikapita, naye bado amenyamaza. Kisha mjomba akaja nyumbani kurudisha patasi ya mama. Hakumtania mtu. Hata lile jina la Kifungo hakulitaja. Alikunywa maji, akaaga na kuondoka taratibu. Kifungo hakuweza kuvumilia tena. Akamfuata mama jikoni.

"Mama, kile kipande sikuwa nakirudisha kwenye rundo."

"Ulikuwa unakiweka wapi?"

Kifungo akaonyesha rafu. Mama aliitazama rafu, akalitazama jiko chini yake.

"Kwa hiyo muda wote tulikuwa tunapima joto la jiko," alisema.

"Tufanyeje sasa?"

"Kwa sakafu, leo hatuwezi kufanya kitu. Vaa viatu twende kwa mwenyekiti, kisha kwa mjomba wako. Utasema mwenyewe."

Kifungo akasema yote kwa wote wawili. Mwenyekiti akamwomba mjomba radhi na kumrudishia kazi yake ya madirisha. Lakini ilibidi mbao zing'olewe na kupangwa upya uani. Kwa miezi mingi watu walikutana ukumbini miguu ikiwa vumbini, na Kifungo hakuwa na namna ya kuharakisha chochote. Alichomoa kipande, akakipima, akakirudisha, akangoja.

Hatimaye mbao zilikauka kweli. Zilikuwa zimesinyaa, hivyo mjomba akapasua masalio yaliyokauka pamoja nazo kuziba pengo la pembeni. Sakafu ikakaa imara, haina ufa.

Mama alipopigilia msumari wa mwisho, alimwita Kifungo.

"Kipande cha kupimia kinatakiwa kiishi kama wenzake, kwenye baridi yao na upepo wao. Ukikipendelea, kitakudanganya. Hilo ulikosea bila kujua, na tumelitengeneza." Akajifuta jasho. "Lakini zile siku ulizojua ukanyamaza, mjomba wako akisemwa na kila mtu, hizo sina randa ya kuzinyoosha. Ukijua umekosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo."

Mjomba alikuwa akiokota misumari karibu na ukuta. Alisikia yote, wala hakugeuka. Kifungo akaenda, akainama, akaokota pamoja naye.