Nilimwita Mke Wangu Yaya Mbele ya Wageni

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Ninaishi peke yangu karibu na soko la Kebirigo, na kila Jumamosi baada ya ibada watu hunipa mkono kwa heshima. Wangejua haya ninayowaandikia leo, sijui ni wangapi wangeninyoshea mkono tena...

Sikulewa siku ile. Sikurogwa. Wala hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya nikiwa na akili zangu timamu, na ndiyo maana naona haya mpaka sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira. Nilikuwa nimemwoa Kemunto, binti wa Mzee Onchari wa Gesima. Kemunto aliishia darasa la nne, kwa sababu mamake alifariki naye akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Kiingereza hakujua. Lakini shamba letu la chai lilikuwa safi kuliko mashamba ya majirani wote, na sikuwahi hata siku moja kurudi nikakuta moto umezimika jikoni. Tulikuwa na mtoto mmoja, Moraa, wa miaka miwili. Alikuwa ameanza kusema. Alikuwa anasema kutwa nzima!

Sasa, mjini Kisii kulikuwa na mkahawa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Mwenyewe alikuwa Mfaransa mzee aliyekuja kununua sanamu za mawe za Tabaka, akapenda hewa ya huku, akakataa kurudi kwao. Sisi tulipaita kwa Mfaransa tu. Nilipelekwa mara ya kwanza na mgeni wa ofisi kutoka Nairobi, na kuanzia siku hiyo moyo wangu ukabaki pale. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe. Kulikuwa na supu ya vitunguu iliyofunikwa kwa mkate na jibini, na kuku aliyepikwa kwa mvinyo. Mimi, Msabato, mtoto wa mzee wa kanisa, nilimla kuku yule nikijidanganya kwamba pombe yote imeishia motoni!

Nikawa naenda kila mwisho wa mwezi. Kemunto nilimwambia ni kazi. Aliniamini... Lakini siku moja alinusa koti langu akacheka, akasema, "Baba Moraa, hiyo kazi yenu inanukia vitunguu. Mimi nitapelekwa lini?"

Nikamwambia ipo siku.

Siku hiyo ilikuja. Kiwanda kilipata meneja mpya, Mwingereza, naye alitakiwa kumchagua Mwafrika wa kuwa msaidizi wake. Alitualika makarani watatu kula kwa Mfaransa, kila mmoja na mkewe. Alisema anataka kuona nyumba zetu zinavyokaa. Wenzangu walifurahi. Mimi nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa.

Nilimwambia Kemunto. Laiti ningalinyamaza! Kesho yake alikwenda kununua kitambaa cha buluu, akashona gauni mwenyewe kwa mkono. Akaazima kisu na uma kwa mke wa mchungaji, na kila jioni akajifunza kukata ndizi za kuchemsha bila kuzigusa kwa vidole. "Nikate hivi, au hivi?" aliniuliza. Alikuwa amejua vizuri kabisa, wasomaji wenzangu. Alishika uma vizuri kuliko mimi.

Lakini mimi niliitazama mikono yake, nyufa na weusi wa chai kwenye vidole, nikamwona akikaa kimya mezani huku wake wa wenzangu, wote walimu, wakizungumza Kiingereza. Nikaiona kazi ile ikienda kwa mwingine. Basi siku mbili kabla ya mwaliko nikamwambia mambo yameahirishwa. Alilikunja gauni akaliweka sandukuni.

Katika ofisi moja ya serikali mjini Kisii palikuwa na mpiga chapa aliyeitwa Stella, msichana mzuri aliyesoma Nairobi. Nilimwambia mke wangu anaumwa na nikamsihi aje akae karibu nami jioni moja tu, asikanushe kitu; wenzangu hawakuwahi kufika kwangu wakamwona Kemunto. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali kwa kunihurumia. Hakukuwa na lolote kati yetu, na hata hilo halinipunguzii aibu.

Jioni yenyewe ilianza vizuri. Meneja alicheka, Stella alizungumza, Mfaransa mwenyewe alikuja mezani kutueleza mchuzi. Niliona nimeshapata kazi! Tulikuwa tumemaliza supu nilipomsikia mtu akibishana na mhudumu mlangoni.

Mhudumu alikuwa akisema, "Mama, haiwezekani. Karani yuko ndani na mkewe."

Nikageuka. Alikuwa Kemunto... Gauni la shambani, kanga mabegani, miguu ina tope hadi kwenye magoti. Mkononi alikuwa na karatasi.

Nilijua baadaye jinsi alivyofika. Alasiri Moraa alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa. Kemunto alimbeba mgongoni hadi barabarani, lori la majani ya chai likawachukua hadi hospitali mjini. Daktari alitaka kumchoma mtoto sindano ya mgongo, na kwa desturi ya siku zile wakaitaka sahihi ya baba. Mtu wa lori alikuwa amemwambia kwamba makarani wote wako kwa Mfaransa na wake zao.

Na wake zao! Aliyasikia maneno hayo na bado akaja.

Alifika mezani. Alimtazama Stella, kisha mimi. Meneja akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole, mama huyu ni nani?

Wasomaji, mdomo una haraka kuliko moyo. Nilimjibu kwamba ni yaya wetu.

Kemunto hakujua Kiingereza, lakini neno hilo kwa Kiingereza cha siku zile, "ayah", lilikuwa karibu lilelile. Nilimwona akilisikia. Hakulia. Aliniwekea karatasi kando ya sahani, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu aelewe:

"Ndiyo, bwana. Mimi ni yaya. Nimekuja kusema mtoto wako anakufa. Daktari anataka uandike jina hapa."

Hapo ndipo iliponipasa kusimama. Mwanamume yeyote angesimama! Mimi niliandika jina langu kwenye ile karatasi, nikamrudishia, nikamwambia atangulie, ninakuja.

Aliyesimama ni Stella. Alichukua sweta lake, akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu kichafu, akamshika Kemunto mkono wakashuka ngazi pamoja. Na mimi? Nilimwambia meneja, ambaye Kiswahili alikuwa hajakijua bado, kwamba mtoto ana homa kidogo na mke wangu ameenda kumwangalia. Akanisifu, akasema nimepata mke mwema.

Kisha kuku akaletwa. Nikala... Moyoni nilisema nikiondoka sasa watajua kila kitu, basi ngoja nimalize sahani. Baada ya sahani nikangoja kitamutamu. Baada ya kitamutamu nikangoja kahawa.

Nilipofika hospitali, sindano ilikuwa imeshachomwa. Stella alikuwa amekaa na Kemunto kwenye benchi, mmoja amemshika mtoto, mwingine ameshika chupa ya maji. Wote wawili hawakunisogezea nafasi.

Moraa alipona. Lakini ile homa ya uti wa mgongo iliondoka na masikio yake. Nilimuuliza daktari kama saa zile za kutafuta sahihi ndizo zilizomponza. Alisema hawezi kujua. Mimi pia sitajua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu yangu.

Kutoka hospitali Kemunto alikwenda moja kwa moja kwa baba yake Gesima. Ile kazi nayo sikuipata. Stella aliacha kazi mjini mwezi huohuo, na kabla ya kuondoka alikuja kiwandani akamweleza meneja ukweli. Meneja aliniita, akaniuliza kama yule aliyeleta karatasi alikuwa mke wangu. Nikasema ndiyo. Hakunifukuza. Aliniambia nirudi kwenye meza yangu, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za nyumbani.

Nilikwenda Gesima na wazee wawili kumrudisha mke. Mzee Onchari alitukaribisha, tukapewa chai. Nilipomaliza maelezo yangu marefu, hakuniita mkwe. Alisema:

"Kijana, mimi niliozesha binti. Sikumwajiri mtu. Kama umefuata yaya, hapa kwangu hakuna."

Wazee niliokwenda nao waliinamisha vichwa. Tukaaga, tukarudi.

Leo Moraa ni msichana mkubwa. Anasoma shule ya watoto wasiosikia, na likizo humkuta kwa babu yake. Mwezi jana nilikwenda kumwona, nikamkuta Kemunto akipalilia chai. Nilimwambia yale niliyoshindwa kuyasema miaka yote hii. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo, mbele ya wachumaji.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Baba Moraa, inuka. Nilikusamehe zamani, nisingeweza kuomba na wewe uko kooni. Lakini kusamehe ni kitu kimoja na kurudi ni kingine."

Akaendelea kupalilia.

Enyi ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi wenye kalamu mfukoni na wake mashambani: mkialikwa mahali, nendeni nao. Wakikosea uma, koseeni nao! Mtu akikuuliza huyu ni nani, sema ni nani, hata kama sauti inatetemeka. Ni neno moja tu. Mimi lilinishinda, na tangu hapo hakuna mtu duniani anayeniuliza mke wangu yuko wapi nikaweza kumjibu.