Jina Lililotolewa Ziwani

Haya yalimpata baba yangu. Mimi sikuyaona, nilikuwa bado tumboni mwa mama. Nimeyasikia kwa mama na kwa mdogo wake, mama mdogo Otilia. Baba mdogo Mansuetus, mwenye kisa, hakupenda kuyasema.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, Mansuetus alishuka kutoka kwetu Ukata, milimani, akaoa Liuli, kijiji cha ziwani, na kupata kazi ya kuendesha motaboti ya wageni. Kila kiangazi Wazungu walikuja kupumzika kando ya ziwa. Waliogelea na kuvua samaki. Mmoja wao, bwana kijana mwenye mikono mirefu, alileta mchezo uliowatoa watu mashambani: alisimama juu ya ubao, akashika kamba, motaboti ikamvuta akateleza juu ya maji. Hata wavuvi waliacha nyavu zao kumtazama.

Wenyeji walikuwa na desturi yao. Mgeni hakuingia kwenye maji ya kisiwa kilicho mbele ya kijiji kabla mwenyeji wake hajanyunyiza unga wa muhogo na kumtambulisha kwa jina la mtu wa ukoo wa mwenyeji huyo, ili maji yajue ni wa nani. Wakwe zake Mansuetus walimwonya: jina la marehemu tu, kwa kuwa mwenye jina ndiye humshikilia mgeni majini. Yeye akawafikiria marehemu wetu, watu wa milimani waliozikwa karibu na mibuni. Hakuna aliyejua kuogelea. Akaona aibu kumpa bwana yule jina la babu aliyeogopa hata kuvuka mto. Akamwaga unga na kutaja jina la kaka yake, Egidi, aliyesoma Liuli na kuwashinda vijana wa pale kwa kuogelea. Egidi ndiye baba yangu. Alikuwa mzima, analima Ukata.

Bwana hakuanguka hata mara moja. Alimsifu Mansuetus mbele za watu, naye akavimba kichwa.

Siku moja asubuhi Otilia alifika ufukweni, miguu imejaa vumbi la mlimani. Alimkuta Mansuetus akifunga kamba.

"Shemeji, kaka yako anaumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Anakohoa maji. Yuko shambani, pakavu, anakohoa maji. Na viganja vimechubuka, utadhani amevutana na ng'ombe."

Mansuetus aliitazama kamba mkononi mwake. Alielewa pale pale.

"Dada amesema twende leo," Otilia akaongeza.

"Kesho. Leo kuna wageni kutoka Songea."

Kesho hiyo ndiyo iliyomtafuna maisha yake yote. Angeweza kusema mashine imeharibika. Angeweza kumwaga unga upya na kulirudisha jina. Wakwe wangemcheka, bwana angenuna, yakaisha. Lakini viti vilikuwa vimeshapangwa ufukweni, naye akaona haya. Akawasha mashine.

Jua lilikuwa la utosini. Bwana akasimama juu ya ubao. Watu wakapiga makofi. Walipozunguka kisiwa, kamba ikalegea. Mansuetus akageuka. Ubao ulikuwa unaelea peke yake.

Alizima mashine. Maji yakatulia. Hakuna kichwa. Hakuna mkono. Aliita. Aliita tena.

Ndipo bwana akaibuka ubavuni mwa motaboti. Hakuwa hata anahema.

"Kuna mtu huko chini," alisema huku akicheka. "Amenisukuma juu."

Saa ile ile Mansuetus na Otilia walipanda mlima, wakatembea usiku kucha bila kupumzika. Ukata waliwakuta watu wakinawa mikono baada ya maziko. Baba alikuwa amekutwa kifudifudi ndani ya ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili kulima. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi, udongo unapeperuka. Walioosha maiti walimtoa masikioni mchanga mweupe kama wa ufukweni Liuli.

"Ilikuwa wakati gani?" Mansuetus alinong'ona.

"Jua la utosini," mama alimjibu.

Hakurudi ziwani. Alibaki kumlimia mama, na akanilea. Nilipozaliwa nilipewa jina la baba, lakini yeye hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita mwanangu. Nilidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli, ila hatia ndiyo iliyomwamsha kabla ya jogoo kuwika, akaenda kutupalilia mahindi.

Wiki hii, akiwa anakata roho, aliomba maji. Nikamshikia kikombe. Alinikazia macho juu ya maji yale, akasema polepole:

"Egidi. Nisamehe."

Nilijua hasemi na mimi. Lakini mtu anakufa, anakuita, utanyamaza? Niliitika jina lile, kikombe cha maji kikiwa kati yetu. Nikamwambia nimekusamehe. Akashusha pumzi, akaenda zake.

Jana tulimzika. Waombolezaji kutoka Liuli walisema wageni wa kiangazi wameshafika, na motaboti yao mpya.

Leo asubuhi nimeshindwa kushika jembe. Viganja vyangu vimechubuka, na kitandani mwangu kuna mchanga mweupe.