Gauni la Bi Harusi na Jibu la Padri

Kila Jumamosi asubuhi Sindano alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akaenda kanisani kwenye mafundisho. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na pia kwa ulimi wake uliochoma. Lakini Jumamosi hii ulimi wenyewe ulikuwa mzito. Jana yake aliunguza gauni la bi harusi kwa pasi, akamsingizia mama mdogo, aliyeshona pamoja na mama. Dada hao wawili walirushiana maneno mpaka mama mdogo akaanza kufunga mizigo.

Zamu yake ya kuungama ilipofika, Sindano alipiga magoti, akayamwaga yote bila kuvuta pumzi.

"Nisamehe haraka, Padri! Mama mdogo anaondoka saa nne!"

"Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Je, utamwambia mama ukweli?"

"Hapana! Atanichuna ngozi! Wewe niondolee tu. Si una uwezo?"

"Ninao," padri alijibu taratibu. "Kristo aliwaambia mitume wake kwamba watakaowaondolea watu dhambi, wameondolewa; watakaowafungia, wamefungiwa. Lakini nitakuondoleaje kosa ambalo bado umelikumbatia? Mama mdogo anabebeshwa lawama yako, nawe unataka aendelee kuibeba?"

"Kwa hiyo hunisamehe?"

"Bado. Nakungoja hapa hapa. Nami siruhusiwi kumwambia mtu yeyote uliyoniambia. Wa kusema ni wewe."

Bado! Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Sindano alitoka mbio, akaruka mtaro, akapenya katikati ya wauza mboga waliomzomea, na kufika nyumbani roho mkononi. Mama mdogo alikuwa mlangoni, sanduku kichwani.

"Mama mdogo, usiende! Ni mimi niliyeunguza gauni!"

Cherehani ikanyamaza.

"Hebu rudia," mama alisema.

Sindano akarudia mbele ya bi harusi mwenyewe aliyekuwa amekuja kulililia gauni lake. Mama akamtazama kwa ukali, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Nilikuita mwongo. Nisamehe, ndugu yangu."

Mama mdogo akashusha sanduku. "Kugombana tutagombana kesho. Harusi ni saa nane. Leteni lesi!"

Nyumba ikachangamka! Mama mdogo alikata maua ya lesi, mama akayashonea juu ya palipoungua, Sindano akipitisha uzi na kuokota pini. Saa saba bi harusi alijitazama kiooni, akajipigia vigelegele mwenyewe.

"Kuosha vyombo mwezi mzima ni kazi yako," mama alimwambia Sindano. "Haya, nenda kanisani."

Padri alikuwa palepale.

"Nimesema, Padri! Nimesema yote!"

Padri akainua mkono. "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Amina!" Sindano alipaza sauti mpaka waliokuwa wakipanga maua altareni wakageuka.

Padri akacheka. "Mwanangu, Kanisa halikupewa uwezo huu ili kutisha watu, wala kuficha maovu yao. Lilipewa ili anayetubu kweli asikie kwa masikio yake kwamba amesamehewa. Ukikosa, sema ukweli, tengeneza ulichoharibu, kisha uje. Hutafukuzwa kamwe."