Siku Lori la Mama Adelina Liliponguruma

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Laetitia alishuka na mama yake, Mama Adelina, kukagua lori. Alipima oili, akatazama maji, kisha akagonga matairi kwa kisigino kama dereva mzoefu. Lori hilo la dizeli lilimzidi umri, na watu wa mtaa wao wa Laeken walilijua vizuri. Lilikuwa limehamisha vitanda, makabati, hata piano ya kanisa, na halikuwahi kumwacha Mama Adelina njiani. Laetitia alijivuna sana. Ni watoto wangapi shuleni kwao ambao mama zao waliendesha lori?

Kasoro moja ya lori hilo, kwa maoni yake, ilikuwa upole. Crispin, mwanafunzi mwenzake, alikuwa na kaka mwenye pikapu iliyotolewa chujio la moshi. Ilipopita, mtaa mzima uligeuka kuitazama.

"Lori lenu linanong'ona tu," Crispin alimtania. "Halina nguvu!"

Maneno hayo yalimchoma. Jumatano, siku ambayo masomo huisha saa sita, mama yake alikuwa amekwenda Antwerp kwa treni, na lori lilikuwa limeachwa gereji. Laetitia alikwenda moja kwa moja huko gereji kwa Tonton Héritier, yaani Mjomba Héritier, fundi aliyelitunza lori lao.

"Tonton, toa chujio, uweke bomba la wazi. Tunataka lingurume."

"Mama yako anajua?"

"Ndiyo, amekubali," Laetitia alijibu bila kupepesa macho.

Héritier alisita. Lakini hakuwahi kumsikia mtoto huyo akisema uongo, basi akachukua spana.

Saa kumi na moja jioni Mama Adelina alirudi na kuwasha lori. Lilinguruma hadi vioo vya gereji vikatetemeka, na moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa na jirani kwenye roshani ya juu. Alilizima haraka. Kesho yake asubuhi lilikuwa na ukaguzi wa moshi. Kama lingeshindwa, halingeweza kupeleka bandarini madawati arobaini yaliyokuwa yakisubiriwa na shule aliyosoma utotoni, Bujumbura. Meli haingengoja.

"Nani ametoa chujio?"

Héritier alimtazama Laetitia, akaelewa yote. "Ni mimi, maman," alisema taratibu.

"Miaka saba nimekuamini! Bon, nipe ufunguo wangu. Nitatafuta fundi mwingine."

Fundi aliingiza mkono mfukoni bila kujitetea. Laetitia aliona aibu hata akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Maman, usimfukuze! Nilimdanganya. Nilimwambia umekubali."

"Kwa nini?"

"Crispin anasema lori letu halina nguvu."

Mama Adelina alimwonyesha shuka jeupe la jirani lililoingia weusi. "Haya ni masizi. Chujio likitolewa, yanaingia vifuani mwa watu. Na nguvu ya lori ni mzigo linaoubeba, si kelele. Debe tupu haliachi kuvuma."

Laetitia alimwomba fundi radhi, kisha akapanda ghorofani kumwomba jirani radhi na kufua lile shuka. Héritier alirudisha chujio na bomba la zamani jioni ileile. Kesho yake mkaguzi alipima moshi, akaukuta mdogo hata akapima tena kwa kutoamini, akalipitisha, akauliza ni nani anayelitunza lori zee namna hiyo. Mama Adelina alimtaja Héritier kwa sauti kubwa.

Jumamosi Warundi wenzao wengi walikuja kupakia madawati. Lori lilipoondoka kimya kimya na mzigo wake wote, walipiga vigelegele. Laetitia alikaa mbele, kifua mbele.

"Nimelijivunia lori hili miaka mingi," mama yake alimwambia barabarani. "Lakini Jumatano nilikujivunia wewe zaidi. Uongo wako ulikuwa mbaya, na usiurudie. Ila ungenyamaza, mtu mwema angepoteza kazi na mimi nisingejua. Ukikosa, mwanangu, sema mwenyewe kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Jambo hilo ni zito kuliko madawati haya yote, na wewe uliliweza."