Mdomo wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nimisha alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumsaidia mama yake kukunja sari. Mji wa Jetpur wote unaishi kwa kutia rangi sari, na mama yake alizishona pindo nyumbani. Kazi ya pili ilikuwa kumkatia bibi yake popoo, zile kokwa ngumu za kutafuna. Bibi Samju alikuwa na mkasi mzito wa shaba wa kukatia popoo, lakini siku hizi mikono yake ilitetemeka. Kwa hiyo Nimisha alikaa sakafuni, akakata vipande vyembamba kama kucha na kuvijaza kwenye kikopo.

"Kimoja chako," Bibi alisema kila mara. "Chakula kishuke."

Kimoja kilikuwa vitatu. Na njiani, kwenye kibanda cha Manubhai, pakiti za popoo tamu zilining'inia kama mashada ya arusi, nyekundu na kijani, zenye harufu ya waridi. Nimisha alichana moja, akaimimina shavuni, akaimumunya mpaka kwenye lango la shule. Wakati wa mapumziko alichana nyingine. Jioni nyingine mbili. Hakuna aliyemkataza. Ilikuwa popoo tu, si tumbaku. Tumbaku ndiyo mbaya, kila mtu nyumbani kwao alilijua hilo.

Lakini tangu mvua zilipokwisha, pilipili ilikuwa ikimwunguza kinywani kuliko zamani. Chatine ya vitunguu saumu aliyoipenda sasa ilimtoa machozi. Alikula mkate wa uwele kwa maziwa, akiukata vipande vidogo vidogo.

"Mbona unadonoa kama kuku mgonjwa?" mama yake aliuliza.

"Joto la mwili hilo," Bibi akadakia. "Mpe mtindi."

Siku ya Jumatano Mwalimu Hansaben aliingia darasa la sita akiwa na karatasi mkononi.

"Kesho watakuja madaktari wa meno kutoka jiji la Rajkot," alisema. "Hawaji kung'oa mtu jino, Bharat, kwa hiyo toka chini ya dawati. Wanafanya utafiti. Kuna ugonjwa unaoifanya nyama ya ndani ya mashavu iwe ngumu, na mdomo ukaanza kufunga kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Wengine wanaoupata huishia kupata saratani. Madaktari wanataka kujua unaanza katika umri gani."

"Wanapima na nini, Mwalimu?"

"Na rula. Lakini hata wewe unaweza kujipima sasa hivi. Fungua mdomo, simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Viingie."

Darasa zima likawa vidole midomoni. Falguni, rafiki yake Nimisha aliyekaa naye dawati moja, aliingiza vitatu, akajaribu na cha nne.

"Tazama! Mimi naweza kumeza nyati!"

"Nyati hawezi kuingia, atakutana na maneno yako njiani," mtu wa nyuma akasema, na wote wakacheka.

Nimisha aliinamisha kichwa. Vidole viwili viliingia. Cha tatu kiligonga jino. Alijaribu tena, akasukuma mpaka taya likauma. Kidole kiligoma. Akajifanya anakohoa.

Tangu hapo hakutulia. Kalamu ilimponyoka, akasimama kunywa maji mara tatu. Nyumbani alianza kukunja sari akaiacha, akaenda ukumbini, akarudi. Ukumbini alikuwa amekaa baba yake mdogo, Jayanti. Miaka miwili iliyopita Baba Mdogo Jayanti alikatwa taya kwa ajili ya saratani, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebonyea. Alikuwa akinywa dengu zilizosagwa kwa mrija, taratibu, na kitambaa begani. Zamani alikuwa hodari wa kuimba arusini. Sasa alisema maneno machache tu, na wageni hawakumwelewa.

"Bibi," Nimisha aliuliza, "Baba Mdogo alikuwa akila nini?"

"Tumbaku!" Bibi alijibu kwa hasira, kana kwamba tumbaku yenyewe ilikuwa imesimama mlangoni. "Tumbaku ndiyo iliyomla. Wewe mwanangu hata harufu yake huijui, usijitie hofu."

Maneno hayo yangemtuliza siku nyingine. Leo aliyasikia na bado alitaka kukimbia, asijue wapi.

Asubuhi madaktari waliweka meza mbili uani. Meza ya kwanza alikaa Daktari Truptiben, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kuchangamsha. Ya pili alikaa mwanafunzi wake, kijana aliyeandika bila kuinua macho. Kila mtoto alipewa kadi yenye namba. Watafiti hawakuandika majina ya watoto kwenye daftari lao, ila namba tu.

Nimisha alimvuta Falguni nyuma ya matangi ya maji.

"Ukishapimwa, nenda tena na kadi yangu."

"Kwa nini? Mdomo wako una nini, una dhahabu?"

"Falgu, nakuomba. Nenda meza ya yule kijana. Sote tuna sare moja, nywele zetu zimesukwa sawa. Hatajua."

Falguni alimtazama usoni, akaona hachezi. Alichukua kadi. Baada ya muda alirudi akirukaruka.

"Milimita arobaini na nne! Ameniambia nina meno mazuri. Yaani wewe una meno mazuri."

Nimisha alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alichana pakiti ya popoo, akaimimina shavuni.

Baada ya chakula cha mchana Daktari Truptiben aliwakusanya watoto wote chini ya paa la mabati.

"Nimewauliza kama mnatumia tumbaku," alisema. "Karibu wote mmesema hapana, na nawaamini. Lakini nisikilizeni vizuri. Ugonjwa huu hauhitaji tumbaku. Unaletwa na popoo. Popoo peke yake. Iliyokatwa nyumbani, iliyotiwa sukari, yenye harufu ya waridi, zote ni popoo. Na mdomo ukishaanza kufunga, haurudi wote kuwa kama zamani. Ndiyo maana tunawatafuta mapema, maana anayeacha mapema tunaweza kumsaidia."

Kisha akagawa barua kwa watoto watatu, wazipeleke kwa wazazi wao. Wangetibiwa Rajkot bila malipo. Mmoja wao alikuwa Bharat. Aliipokea barua akiwa ameacha mizaha yote.

Nimisha hakupewa barua. Alitema popoo kwenye kiganja chake. Alitaka kuitupa, hakuona pa kuitupia, akabaki ameifumbata.

"Umeona?" Falguni alimnong'oneza. "Umeokoka."

"Nimeokoka?"

"Si umeandikwa mzima?"

"Umeandikwa wewe."

Falguni akasema, bila utani safari hii, "Kweli. Mdomo wangu wameupima mara mbili. Wako hakuna aliyeupima."

Nje ya lango gari la madaktari lilikuwa linapakiwa. Meza moja ilikuwa tayari imefungwa juu. Nimisha aliinuka. Alikwenda mpaka langoni, akageuka. Akarudi mpaka kwenye matangi, akamwona Baba Mdogo kichwani mwake, na ule mrija, na kile kitambaa. Dereva akawasha injini. Hapo Nimisha alikimbia, akaupiga mlango wa gari kwa mkono uliobaki mtupu.

"Ben! Dada! Namba sitini na moja si mimi!"

Daktari Truptiben alishusha kioo. "Sijakuelewa, binti. Vuta pumzi."

"Namba sitini na moja ni yangu, lakini mdomo si wangu. Ni wa Falguni. Nilimtuma. Nilimtuma mimi, yeye hana kosa."

Yule kijana alifungua daftari, akawa mwekundu masikioni. Daktari hakumcheka mtu. Alishuka, akamkalisha Nimisha kwenye ngazi ya gari, akavaa glavu mpya.

"Fungua. Zaidi. Zaidi kidogo. Huwezi tena?"

Nimisha alitikisa kichwa. Rula ilisoma ishirini na saba. Daktari alipitisha kidole ndani ya shavu, polepole, akasimama mahali pamoja.

"Unasikia hapa? Pako kama kamba iliyokazwa. Na nyama imepauka. Pilipili inakuunguza?"

"Sana."

"Pakiti ngapi kwa siku?"

Nimisha alifungua kile kiganja. "Nne. Na za Bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

Daktari alilichukua daftari, akapiga mstari juu ya arobaini na nne, akaandika namba mpya. Uso wake ulikuwa mkali.

"Umenifanyia vibaya," alisema. "Tunapima watoto elfu mbili. Kwa hesabu hizo tutawaomba wakubwa walete sheria na dawa. Kila uongo mmoja unamficha mtoto mmoja. Leo ulikuwa unajificha wewe mwenyewe. Haya, panda. Nataka kumwona huyo bibi."

Bibi Samju aliwapokea kwa chai na kwa hasira.

"Popoo?" alisema. "Popoo tunamwekea mungu wetu Ganesh kwenye ibada! Tunaipeleka kwenye posa! Leo imekuwa sumu?"

"Ba, mama yangu," Daktari Truptiben alimjibu kwa upole, "Ganesh tunamwekea mbele yake. Hatafuni."

Mama yake Nimisha aliziba mdomo kwa ncha ya sari asicheke. Bibi hakucheka.

"Nimekula popoo miaka sitini. Mwanangu huyu aliharibiwa na tumbaku. Muulize!"

Alimnyooshea kidole Jayanti, lakini ilikuwa ishara tu. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwuliza Jayanti swali refu, maana majibu yake yalichosha kusikiliza. Baba Mdogo aliweka kikombe chini. Alijifuta kidevu. Akaanza kusema, neno moja moja, na Nimisha, aliyemzoea, akayarudia maneno yake ili daktari asikie.

"Anasema, tumbaku alianza kazini, akiwa mkubwa. Anasema, mdomo... mdomo ulianza kufunga kabla. Akiwa shuleni. Alikuwa anakula..." Nimisha alikwama. "Alikuwa anakula popoo ya kwenye kikopo."

Bibi alimgeukia mwanawe.

"Kwa nini hukuniambia?"

Baba Mdogo alisema maneno matatu, na safari hii hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. "Niliogopa utaumia, mama."

Bibi Samju alikaa chini polepole. Akavuta ncha ya sari mpaka machoni. Kisha akamwambia daktari, bila kumtazama, "Mchukue mtoto. Niambie la kufanya, nitafanya."

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Nimisha aliota ndoto za harufu ya waridi. Alipopita kibanda cha Manubhai alitembea upande wa pili wa barabara, na Falguni alimshika mkono kwa nguvu akimsimulia upuuzi wowote uliomjia. Mara mbili alishindwa, akanunua, na mara zote mbili alimwambia mama yake siku hiyo hiyo. Kila mwezi walikwenda Rajkot kwa dawa. Nyumbani alifanya mazoezi: alipanga vijiti bapa vya mbao kati ya meno, akaongeza kimoja kila baada ya siku kadhaa, huku machozi yakimtoka. Bibi alikaa karibu akimhesabia dakika, akitafuna mbegu za shamari badala ya popoo.

Kufikia mwezi wa sita wa matibabu rula ilisoma thelathini na nne. Pilipili kidogo alianza kuiweza. Kamba ya shavuni haikuondoka yote, na Daktari Truptiben hakumficha.

"Itabidi nikuone kila mwaka, hata ukiwa na watoto wako," alisema akivua glavu. "Lakini haijasonga mbele. Hilo ndilo tulilolitaka."

"Ben," Nimisha aliuliza, "nisingekuja garini siku ile ingekuwaje?"

Daktari alikaa kwenye kiti chake. Aliwatazama wote wawili, Nimisha na Bibi Samju aliyekuwa kando yake.

"Ningeandika kwamba namba sitini na moja ni mzima, nikaenda zangu nikiwa na furaha. Wewe pia ungefurahi, siku moja au mbili. Lakini ugonjwa hausomi daftari langu, Nimisha. Ungeendelea na kazi yake shavuni mwako, na sote tungekuwa tunakusifu kwa afya ya Falguni. Aibu ya kusema ukweli uliimaliza pale kwenye ngazi ya gari, kwa dakika tano. Ukiona kitu mwilini mwako kinakutia hofu, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama umekosea wewe, hata kama amekosea mtu unayempenda."

Bibi Samju alitikisa kichwa kukubali, akamsaidia mjukuu wake kuinuka. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Daktari," alisema, "na mimi nina kidonda hapa, chini ya ulimi. Nilikuwa sitaki kusema."

Daktari Truptiben alivuta boksi la glavu. "Kaa, Ba," alisema. "Fungua mdomo."