Swali la Siri la Kisilu

Rafiki yangu Kanini ana saiba, duka la intaneti, pale Kathonzweni. Kila mteja anayemfungulia barua pepe humwekea paswadi ileile moja, ili asisumbuliwe wakisahau.

Alhamisi mchana akaja Nzisa, mjane wa Kisilu, yule aliyekatwakatwa kwa panga kwenye mpaka wa shamba na muuaji hajulikani. Alitaka nakala ya hati ya shamba, iliyokuwa kwenye barua pepe ya marehemu.

Kanini akaandika paswadi. Ikakataa.

"Mama, kuna mtu ameibadilisha."

"Nani huyo? Simu yake tulimzika nayo."

Mara stima ikapotea. Chumba kikawa giza, ikabaki kuwaka laptopu tu. Kanini akafungua swali la siri la kurejesha paswadi. Alipomfungulia Kisilu barua pepe, yeye mwenyewe aliandika: jina la ng'ombe wako wa kwanza. Sasa kioo cha laptopu kilisema: "Nani alinikata?"

Kabla hajagusa chochote, vibonye vikaanza kushuka vyenyewe, ta, ta, kama panga likigonga mfupa.

Nyuma yake mlango ukalia. Kimeu, mume wa Kanini, alikuwa ametoka shambani na panga mkononi.

"Wee Kanini, mbona mmekaa gizani?"

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa KIME, na kibonye cha U kilikuwa kinashuka polepole.